Mahindi ya Makueni na Usukani wa Gari la Umeme

Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia betri na mota. Leo zamu ni ya usukani, ila njia yangu inapitia sokoni Wote, Makueni, maana elimu inayoweza kuliwezesha gari la umeme kujua usukani umegeuka kiasi gani inafanya kazi huko kila msimu wa mavuno, mkononi mwa mnunuzi wa mahindi.

Mnunuzi hufungua gunia, akachota mahindi, akajaza kikombe cha mashine ndogo ya kupimia unyevu na kubonyeza kitufe. Namba ikisoma 16, mzigo unarudi kwenye turubai. Kiwango kinachokubaliwa Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Mama aliyeuleta huyauma mahindi yake, akasikia yanapasuka vizuri, na haelewi mashine imeona nini ambacho meno yake hayakukiona.

Mashine imeona maji, lakini kwa kuzunguka. Ndani ya kikombe mna vipande viwili vya chuma vinavyotazamana bila kugusana. Mpangilio huo ndio kapasita. Ukivipa volti, vinahifadhi chaji kidogo, na kwa volti ileile kiasi cha chaji hiyo kinategemea mambo matatu tu: ukubwa wa eneo ambamo vipande vinatazamana, umbali kati yao, na kitu kilichojaa katikati. Katika kikombe eneo halibadiliki, wala umbali. Kinachobadilika ni kile cha katikati. Tukiipa hewa namba 1, mahindi makavu ni namba chache tu juu yake, ilhali maji ni karibu 80. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, hivyo hugeuka kuufuata umeme na kukiruhusu kikombe kubeba chaji nyingi zaidi. Ndiyo sababu unyevu mdogo uliojificha ndani ya punje unaonekana wazi kwa umeme kabla meno hayajauhisi.

Kwa kuwa mashine inakisia maji kutokana na chaji, inaweza pia kudanganyika. Ukiyamimina mahindi yakakaa kwa ulegevu, hewa inaingia katikati na namba inashuka. Yakitoka juani yakiwa moto, namba inahama. Ukipima ndengu huku mashine imewekwa kwenye mahindi, jibu halina maana. Mnunuzi mwaminifu hupima mara tatu kutoka sehemu tofauti za gunia, na mkulima ana haki ya kudai hivyo. Niliwahi kumwona mmoja akipima mara moja tu, akakata bei papo hapo, na jambo hilo liliniuma kwa sababu nilijua namba ile haikustahili kuaminiwa peke yake.

Uzito wa namba hiyo katika kaunti za Makueni na Kitui unajulikana. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa sumukuvu, yaani aflatoksini, na 125 wakafa. Wengi walikuwa wa Makueni na Kitui. Mahindi yalivunwa wakati mvua isiyotarajiwa ikinyesha, na watu wakayaweka ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Kuvu wa Aspergillus flavus akapata joto, maji na chakula mahali pamoja. Onyo lilikuwa limekuja mapema: mwaka 1981, Makueni ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 12 walikufa kwa sumu hiyohiyo. Niseme wazi pia kwamba mashine ya unyevu haipimi sumu. Mahindi yaliyoanza kuoza kisha yakakaushwa yatasoma 13 na bado yakaua.

Sasa tuigeuze hesabu. Shika umbali usibadilike, shika na kitu cha katikati, kiwe hewa tu, halafu uache eneo ndilo libadilike. Hapo umeupata usukani.

Katika gari linalotumia njia hii, kwenye nguzo ya usukani huwekwa sahani mbili nyembamba. Moja imefungwa, haizunguki, na uso wake umegawanywa vipande vingi vya shaba. Nyingine imeshikamana na nguzo na imekatwa kama ua lenye petali. Dereva anapozungusha, petali zinafunika vipande fulani zaidi na vingine kidogo. Chaji inayohusika ni ndogo mno. Vipande viwili vya sentimita moja ya mraba, vikitenganishwa na nusu milimita ya hewa, vina uwezo wa kubeba chaji usiofika pikofaradi 2, na pikofaradi moja ni sehemu moja ya trilioni ya faradi, kizio kilichopewa jina la Michael Faraday. Hata hivyo saketi ya leo inaweza kutambua badiliko dogo sana ndani ya kiasi hicho.

Usukani wa gari la kawaida huzunguka karibu mara tatu kutoka kona moja hadi nyingine. Sahani moja haiwezi kujua iko katika mzunguko wa kwanza au wa tatu. Wahandisi huweka basi duru mbili zenye mwendo tofauti. Tuseme mtaa wenu Mwingi unapata maji ya mfereji kwa zamu ya siku 6, na juma lina siku 7. Ukiniambia leo ni Alhamisi na ni siku ya tatu ya zamu, najua hasa uko wapi katika siku 42, kwa maana mlingano huo haujirudii kabla ya hapo. Duru mbili za usukani hufanya vivyo hivyo. Ukiwasha gari, linajua papo hapo magurudumu yanaelekea wapi, hata kama betri ilikuwa imefunguliwa usiku kucha.

Katika nguzo hiyohiyo mna kijiti cha chuma kinachojipinda digrii chache mkono unapokaza. Kipimo kimoja juu yake na kingine chini, tofauti ya viwili hivyo ni nguvu ya mkono wako, na mota husaidia kulingana nayo. Gari la umeme halina injini ya kuendesha pampu ya mafuta ya usukani kama lori la zamani, kwa hiyo usukani wake unahitaji habari hii wakati wote.

Magari mengi bado hupima pembe kwa sumaku. Njia hiyo ni nzuri na ni imara. Lakini ndani ya gari la umeme kuna nyaya zinazobeba mamia ya ampea, na kila mkondo huzaa uga wa sumaku kuuzunguka. Kipimo cha sumaku kilicho karibu nao lazima kikingwe vizuri. Sahani za kapasita hazijali sumaku hata kidogo, na hapo ndipo zinapovutia.

Adui yao ni yule ambaye mnunuzi wa Wote anamtafuta: unyevu. Barabara ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, lakini ukiiacha tu kuelekea vijijini, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikianza linageuka matope. Tone moja la maji kati ya sahani lina thamani ya 80 mahali ambapo hewa ina 1. Umewahi kuona simu ikijibonyeza yenyewe ikinyeshewa? Kioo chake kinapima kwa kapasita, na maji yamejifanya kidole.

Dawa yake ni ya kihesabu, nami naipenda kuliko zote. Vipande vya shaba hupangwa makundi manne, tuyaite A, B, C na D. Saketi hutoa C kutoka A, na D kutoka B, kisha hugawanya tofauti moja kwa nyingine. Hewa ikiwa na unyevu sehemu zote, makundi yote manne yanakua kwa uwiano uleule, na kwenye kugawanya ukuaji huo unajifuta. Pembe inabaki sahihi. Ila hesabu haina la kufanya tone likitua upande mmoja tu, kwa sababu hapo A imebadilika na C haikubadilika. Ndiyo maana kasha hufungwa kwa muhuri wa mpira, na saketi hulinganisha duru mbili kila mara. Zikipingana, taa ya usukani huwaka kwenye dashibodi.

Kwa hiyo fundi wa Emali au Kitui mjini, gari la namna hii likija na taa hiyo, usikimbilie mota. Kwanza angalia kama nguzo ilifunguliwa karibuni na kama mpira wa kasha ulirudishwa ipasavyo. Tena usipulize maji ya shinikizo chini ya dashibodi unapoosha. Ukikuta umande ndani ya kasha, likaushe kwa hewa isiyo moto sana. Na baada ya kupanga magurudumu, usukani lazima ufundishwe upya kwa kompyuta ni wapi katikati pake, vinginevyo gari litadhani linakata kona likiwa limenyooka.

Wiki ijayo: breki inayorudisha umeme kwenye betri, na mteremko wa kutoka Salama kuelekea Sultan Hamud.