Wanahesabu Konokono Chini ya Bahari

Mfugaji huhesabu mbuzi wake jioni wanaporudi zizini. Lakini je, umewahi kusikia watu wanaohesabu konokono chini ya bahari? Tena hata usiku wa giza!

Kazi hii ilianza mwaka 2013 huko Nelson Bay, mji wa pwani katika nchi ya Australia. Wengi wa wanaoifanya si wataalamu, tena hawalipwi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southern Cross hukusanya picha zao.

Konokono hawa hawana gamba. Wakiwa wachanga wanalo, kisha huliacha. Usiwachanganye na jongoo wa pwani, yule anayekaushwa na kuuzwa. Hawa wengi ni wadogo kuliko kidole, na rangi zao zinapendeza kama kanga mpya. Lakini rangi hizo ni onyo. Baadhi yao hula sifongo wenye sumu, na sumu ile huiweka mwilini mwao. Samaki akimwonja, humtema.

Mbona usiku? Kwa sababu wako wanaojificha mchana chini ya mawe. Giza likiingia, hutoka kutafuta chakula.

Basi, wazamiaji huingia majini kwa miguu kutoka ufukweni, wawili wawili, mtungi wa hewa mgongoni na tochi mkononi. Kwanza hungoja maji yajae na kusimama, maana mkondo wa pale una nguvu. Ukikosea saa, utachukuliwa. Na mtu asipouona mwanga wa tochi ya mwenzake, huacha konokono akamtafuta mwenzake.

Humulika jiwe moja moja, polepole. Konokono akionekana haguswi, hupigwa picha tu. Kisha huandikwa tarehe, mahali na aina yake. Hasa wanahesabu aina.

Sasa, faida yake nini? Wengi wa konokono hawa hawaishi zaidi ya mwaka mmoja. Kwa hiyo bahari ikibadilika, wao huonyesha upesi. Kule Australia joto liko upande wa kaskazini. Siku hizi konokono wa kaskazini wameonekana kusini zaidi, mahali ambapo zamani hawakujulikana. Maji yanazidi kupata joto.

Hata pwani ya Kenya na Tanzania wako konokono hawa. Mmoja ni mkubwa, mwekundu, na hutoka usiku. Akisumbuliwa hukunjua kingo za mwili wake akaogelea, utadhani ni kitambaa chekundu kinachopepea majini.