Kutoa Mbegu za Kunata katika Manyoya ya Mbwa Mwoga

Mvua zikipungua huku Kuresoi, na magugu ya kando ya mashamba ya viazi na pareto yakianza kukauka, mbwa hurudi nyumbani jioni akiwa amejaa mbegu. Kishona nguo anakijua kila mtu aliyepita katika shamba lisilopaliliwa. Iko pia mimea mingine yenye vijitunda vya mviringo vilivyojaa miiba. Mbwa wa manyoya mafupi hujikung'uta, na mambo yamekwisha. Lakini katika skimu za makazi wako mbwa wenye manyoya marefu, wenye damu ya wale wa kuchunga kondoo waliokuwa katika mashamba makubwa ya walowezi. Hao, mbegu zikiwashika haziwaachi.

Wako wasemao kwamba hiyo ni shida ya mbwa mwenyewe. Sivyo. Mbegu huvuta manyoya, nayo manyoya husokotana mpaka yakawa kama kipande cha blanketi kuukuu. Katika ukungu na baridi ya Kuresoi, kipande hicho hukaa kibichi siku nzima. Ngozi iliyo chini yake huchubuka na kutoa majimaji, kupe hujificha humo, na nzi huweza kutaga mayai. Mbwa wa namna hiyo huumia kila aguswapo. Mtoto akimshika sikio kwa mapenzi, atamwuma, na hofu ya kichaa cha mbwa itaingia nyumbani siku hiyo hiyo.

Kabla ya kushika chanuo, itazame mbegu yenyewe. Ya kishona nguo ni nyembamba kama sindano, na kichwani ina vimiiba viwili au vitatu. Kila kimiiba kina vijino vinavyoelekea nyuma, kama ndoana ya mvuvi. Kuingia ni rahisi, kutoka ni kupasua. Mwaka 1941 mhandisi mmoja wa Uswisi, George de Mestral, alirudi kutoka matembezini, naye na mbwa wake wameshikwa na mbegu za namna hii. Alizitazama kwa hadubini, akaona vindoana vyake vikishika vitanzi vya uzi na manyoya. Kutokana na hayo akatengeneza ule utepe wa kunata unaofunga viatu na makoti ya watoto wetu leo. Basi, ukimvuta mbwa mbegu kwa nguvu, unashindana na kitu kilichoumbwa kisiachie.

Njia iliyo bora ni kuyaondoa manyoya kwenye mbegu, si mbegu kwenye manyoya. Shika shina la manyoya karibu na ngozi kwa vidole viwili, ili mvuto usiifikie ngozi. Kisha kwa mkono wa pili achanisha manyoya machache machache. Kijitunda kigumu cha mviringo kibane kwa koleo mpaka kivunjike, ndipo vipande vichanuliwe. Matone machache ya mafuta ya kupikia, au yale mafuta ya kukamulia ng'ombe, husaidia manyoya kuteleza. Mafuta ya taa yasitumiwe kabisa: huunguza ngozi, na mbwa akijilamba ni sumu. Wala usimwogeshe kwanza, maana maji hukaza fundo. Chanua kuanzia ncha za manyoya, ukirudi polepole kuelekea ngozini.

Hayo yote ni rahisi kwa mbwa mtulivu. Kwa mbwa mwoga, kazi kubwa ni mbwa mwenyewe. Mimi niliwahi kumshikisha mbwa wangu kwa vijana wawili wenye nguvu. Tulimaliza kwa nusu saa, tukajisifu. Baada ya hapo, kila alipoona chanuo alikimbilia chini ya ghala, na mwezi mzima hakushikika.

Siku ya kwanza usitoe mbegu hata moja. Keti naye mahali pa kimya, baada ya kutoka machungani akiwa amechoka. Weka chanuo chini, umpe kipande kidogo cha ugali au nyama. Kesho mguse nalo mgongoni, umpe tena. Siku ya tatu toa mbegu mbili tatu za mgongoni, ambako hakuumi sana, kisha umwache aende. Dakika tano zatosha. Masikio, makwapa, mapaja na chini ya mkia viache mwisho.

Mtazame usoni wakati wote. Akipiga miayo bila usingizi, akilamba midomo, akikaza mwili au akionyesha weupe wa macho, amechoka nawe: pumzika. Akinguruma usimpige. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa kuonya siku nyingine huuma bila kuonya. Watoto wasiwe karibu.

Fundo lisilofunguka likatwe. Pitisha kichana kati ya fundo na ngozi, kisha kata juu ya kichana hicho kwa mkasi wenye ncha butu. Ngozi huvutwa juu pamoja na fundo, na wengi wameikata wakidhani ni manyoya. Usimnyoe mwili wote. Usiku wa Kuresoi ni baridi.

Angalia pia kati ya vidole. Mbegu ya nyasi huweza kutoboa ngozi na kwenda ndani, ikaleta jipu. Mbwa akitikisa kichwa mfululizo na kukiinamisha upande mmoja, huenda imeingia sikioni. Usichokoe kwa kijiti; mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Mbwa aliyekuwa mpole, kisha akageuka ghafla kuwa mkali au kutokwa na mate na kubadilika sauti, asiguswe kabisa. Mfungie, umwite afisa wa mifugo wa wadi. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukomesha kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na kazi kubwa ya mpango huo ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako achanjwe tangu miezi mitatu, na kila mwaka.

Na mbegu ulizozitoa usizitupe uani. Ziweke katika kopo na uzitie motoni jikoni, la sivyo msimu ujao utazipalilia katikati ya viazi.