Fahamu: Amri ya lsns na mipaka isiyoonekana ya Linux
Kontena za Docker hazina ukuta wa kweli. Kinachozitenganisha ni nemspesi: mipaka ambayo kiini cha Linux huiwekea michakato, ili kila kundi lione mtandao wake na faili zake tu. Aina ya kwanza iliingia 2002. Leo zipo nane.

Kuzikagua kulichosha: unapekua saraka ya /proc, mchakato baada ya mchakato, ukilinganisha namba za nemspesi. Mwaka 2016 kifurushi cha util-linux kikaleta lsns, amri inayopanga yote kwenye jedwali moja. Matoleo ya baadaye huonyesha hata nemspesi zisizo na mchakato wowote, zilizobaki hai kwa kufungamanishwa na faili. Hizo ndizo humpiga chenga msimamizi wa seva. Ila endesha lsns kwa mamlaka ya root. Mtumiaji wa kawaida hawezi kusoma nemspesi za michakato ya wengine.