Je, Wajua? Majeraha ya Uongo na Bei ya Sekunde Chache Uwanjani

Mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu hujaza viwanja vinavyobeba watu zaidi ya 100,000. Kwa miaka mingi umesumbuliwa na hila moja: mchezaji mzima anaanguka na kushika paja ili mchezo usimame. Haya ndiyo ya kujua kuhusu hila hiyo na sheria zilizotungwa kuikomesha.

Je, wajua kwamba katika mchezo huu kasi ni silaha? Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Timu iliyofanya mazoezi ya kasi hukimbilia mstarini mara jaribio moja linapokwisha, ikaanzisha jingine kabla walinzi hawajapata pumzi wala kupanga safu.

Je, wajua kwamba timu inayoshambulia isipobadilisha wachezaji, waamuzi hawalazimiki kusubiri walinzi wabadilishe wao? Walinzi wa mbele, wengine wenye kilo zaidi ya 130, hunaswa uwanjani wakihema. Mmoja wao akianguka, kila kitu husimama. Wenzake hunywa maji, kocha hutoa maelekezo, na wenye nguvu mpya huingia.

Je, wajua kwamba kila timu ina taimauti tatu tu katika kila nusu ya mchezo? Taimauti ni haki ya kusimamisha mchezo, na kocha huitunza kwa ajili ya dakika za mwisho. Jeraha la uongo lilimpa taimauti ya nne, ya tano hata ya sita, bila kuandikwa popote.

Je, wajua kwamba kwa muda mrefu kilichompata aliyeanguka ni kukaa nje jaribio moja tu? Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya usalama wake, haukuwa adhabu. Aliyejifanya ameumia alitoka akichechemea, na punde akarudi akikimbia.

Je, wajua kwamba hila hii ni ya zamani kuliko mchezo wa kasi? Novemba 21, 1953, Notre Dame, timu iliyoshika nafasi ya kwanza nchini, ilicheza na Iowa mjini South Bend. Nusu ya kwanza ilibakiza sekunde 2, Notre Dame iko nyuma 7–0 na taimauti zimekwisha. Mchezaji wake mmoja akaanguka akishika mgongo, saa ikasimamishwa, na jaribio lililofuata likazaa pointi za kusawazisha. Mwisho wa mchezo, ikiwa nyuma tena na zimebaki sekunde 6, wakaanguka wengine, saa ikasimama, na Notre Dame ikasawazisha tena. Matokeo yakawa 14–14. Timu hiyo haikufungwa msimu mzima, lakini sare hiyo iliishusha hadi nafasi ya pili, nyuma ya Maryland. Aibu ya siku ile bado inasimuliwa.

Je, wajua kwamba kitabu cha sheria cha NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinalaani jambo hili waziwazi? Sehemu yake ya maadili inasema kujifanya umeumia ni udanganyifu unaokwenda kinyume na roho ya mchezo. Kwa miongo kadhaa maneno hayo yalibaki nasaha, bila adhabu iliyomngoja mkosaji uwanjani.

Je, wajua kwamba badiliko la saa liliongeza kishawishi? Mwaka 2008 vyuo vilianza kutumia saa ya sekunde 40 inayoanza kuhesabu mara jaribio lililotangulia linapokwisha. Timu za kasi hazikuwa tena na sababu ya kungoja ishara ya mwamuzi kila mara, na makocha wa ulinzi wakatafuta namna ya kuzifunga breki.

Je, wajua kwamba kocha mmoja alifungiwa kwa kuagiza hila hii? Mwaka 2010 Oregon ya kocha Chip Kelly ilikuwa ya kwanza nchini na ikifunga pointi nyingi kwa mwendo wa kukimbizana. Huko Berkeley, timu ya California iliibana mno, na Oregon ikashinda 15–13 tu. Picha za video zilimwonyesha mlinzi wa California akianguka bila kuguswa. Kocha msaidizi Tosh Lupoi alikiri kumwagiza, na chuo chake kikamsimamisha mchezo mmoja. Mwaka 2022 Lupoi alikwenda kuongoza ulinzi wa Oregon yenyewe.

Je, wajua kwamba hila ya mwaka 1953 ilipata dawa yake miaka 60 baadaye? Tangu 2013, mwishoni mwa kila nusu, jeraha likiwa ndiyo sababu pekee ya saa kusimama, timu pinzani inaweza kuchagua sekunde 10 zikatwe. Kwa sheria hiyo Notre Dame isingepata chochote: sekunde zake 2 zingeyeyuka na nusu ingeisha hapo hapo.

Je, wajua kwamba wengine walitaka kutibu tatizo kwa kuipunguza kasi yenyewe? Mwaka 2014 lilitolewa pendekezo la kuizuia timu kuanzisha jaribio kabla sekunde 10 za saa ya 40 hazijapita, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Nick Saban wa Alabama alikuwa miongoni mwa walioliunga mkono kwa hoja ya usalama. Makocha wa timu za kasi walipinga vikali, na Machi mwaka huo pendekezo likawekwa kando.

Je, wajua kwamba si walinzi peke yao? Mwaka 2012 ligi ya kulipwa ya NFL iliitoza Pittsburgh Steelers faini ya dola 35,000, na mshambuliaji wake Emmanuel Sanders dola 15,000, kwa jeraha la kuigiza.

Je, wajua kwamba hasara kubwa ya uongo huu huwaangukia walioumia kweli? Oktoba 2021, Penn State ilipocheza na Iowa, mashabiki wa wenyeji waliwazomea wachezaji wa Penn State waliokuwa chini, wakiamini wanaigiza. Kocha James Franklin alikanusha. Lakini jambo zito ni lile lililosikika uwanjani: kijana yuko chini, wahudumu wamemwinamia, na maelfu wanamzomea. Huko ndiko udanganyifu wa wachache ulikoufikisha mchezo.

Je, wajua kwamba mwamuzi hana njia ya kupima maumivu? Mkakamao wa msuli hauonekani kwa macho, na mwamuzi si daktari. Akimwamuru mwenye jeraha la shingo ainuke, anaweza kumwachia ulemavu wa maisha. Kwa hiyo sheria yoyote inayomtaka mwamuzi aamue nani mkweli na nani mwongo inamtwika mzigo usio wake.

Je, wajua kwamba kuanzia msimu wa 2022 NCAA ilijaribu kutumia video? Chuo au ligi inaweza kupeleka tukio la kutiliwa shaka kwa mratibu mkuu wa waamuzi, mchezo ukishamalizika. Naye hutoa maoni yake, kisha adhabu huachiwa ligi au chuo husika. Udhaifu wake uko wazi: matokeo yameshaandikwa, na aliyedhulumiwa harudishiwi kitu.

Je, wajua kwamba ligi ya vyuo ya SEC iliamua kugusa mifuko ya makocha? Novemba 2024 kamishna wake, Greg Sankey, aliviandikia vyuo: kosa la kwanza, kocha mkuu atalipa dola 50,000, la pili, dola 100,000, la tatu, atakosa mchezo unaofuata. Onyo hilo lilimlenga mtu sahihi, kwa sababu kijana wa miaka 19 haanguki mpaka aone ishara kutoka pembeni.

Je, wajua kwamba Aprili 2025 ndipo ilipopitishwa sheria inayouma papo hapo? Mwamuzi akishauweka mpira tayari kwa jaribio linalofuata, kisha wahudumu wa afya wakaingia kumwangalia mchezaji, timu yake inatozwa taimauti moja. Kama zimekwisha, inarudishwa yadi 5 kwa kuchelewesha mchezo.

Je, wajua kwa nini wakati huo ndio uliochaguliwa? Mwenye kuumia kweli kwa kawaida hubaki pale alipoumia, jaribio linapokwisha. Mwongo husimama, hutazama benchi, hurudi kwenye nafasi yake, na mpira ukiwa tayari ndipo anaporomoka. Sheria haimuulizi mtu yeyote kama anadanganya. Inatazama kama mpira umeshawekwa na kama wahudumu wameingia, mambo mawili ambayo mwamuzi anayaona kwa hakika.

Je, wajua kwamba sheria hiyo ina mwanya? Anayejiangusha mapema, kabla mpira haujawekwa, haigharimu timu yake taimauti. Ndiyo maana kuna wanaotaka anayetibiwa uwanjani akae nje mpaka timu yenye mpira imalize zamu yake yote. Mimi naogopa dawa hiyo. Mchezaji akijua kwamba kuomba msaada kutamtoa kwa muda mrefu, ataficha kizunguzungu, na dalili za mtikisiko wa ubongo mara nyingine huchelewa kujitokeza. Adhabu inayoibana timu ni salama kuliko ile inayombana anayehitaji daktari.

Je, wajua kwamba soka letu linahangaika na jambo lilo hilo? Kujiangusha ili kumhadaa mwamuzi kumekuwa kosa la kadi ya njano tangu 1999. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza msimu wa 2023/24 kumweka nje kwa sekunde 30 mchezaji aliyetibiwa uwanjani. Ligi ya Marekani, MLS, ilienda mbali zaidi mwaka 2024: anayelala chini zaidi ya sekunde 15 hutoka kwa dakika mbili, isipokuwa katika hali maalumu kama jeraha la kichwa. Kipa bado anaruhusiwa kutibiwa palepale, na wengi wetu tumeona kipa akikaa chini huku wenzake wote wakikimbilia kwa kocha.

Je, wajua kwamba taimauti moja ni bei ndogo? Kocha ambaye mchezaji wake ameumia kweli hana sababu ya kusita: alipe, aite daktari, mchezo uendelee. Kocha anayetaka kupumzisha walinzi wake naye ana njia halali: taimauti zake tatu. Kilichoondolewa ni kile cha bure kilichopatikana kwa kumtumia kijana kudanganya, na kila ligi inayopambana na hila hii ianzie hapo: uongo usilipe, na mgonjwa asiogope kulala chini.