Je, Wajua? Tanga Isije Ikageuka Tango

Je, wajua kuwa mtu anaweza kuandika Tanga nawe ukasoma tango? Kosa ni la fonti. Zipo herufi zilizojengwa kwa duara na mistari iliyonyooka tu, hazina vijiguu kwenye ncha, na "a" yake ndogo ni "o" iliyoegemezwa kijiti. Kwenye bango la mbali kijiti kikififia, jiji zima limekuwa kachumbari. Kiswahili ndicho kinachoumia zaidi, maana hakuna herufi tunayoitumia kama "a".

Mkubwa wa ukoo huo ni Futura, kazi ya Mjerumani Paul Renner, iliyotoka 1927. Wajerumani walishang'olewa Tanga 1916, kwa hiyo Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa mjini humo enzi zao, halikuwahi kuionja.

Je, wajua kuwa bikari peke yake haitoshi kuchora herufi hizo? Pale duara linapokutana na kijiti, kwenye "b" au "d", Renner aliukondesha mstari. Ukiuacha na unene uleule, hapo jicho huona doa.

Rula nayo hudanganya. Chora TANGA kwa herufi kubwa, uache nafasi sawasawa kati ya herufi na herufi. T na A zitaonekana kama zimenuniana. Mchora mabango anayeijua kazi yake huusogeza mguu wa A mpaka chini ya mkono wa T, rula iseme itakavyo. Jaribu kwenye karatasi kabla hujabisha.

Majina ya kanga zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Siku hizi ni za Kilatini, kubwa, na mara nyingi hazina vijiguu. Si Futura, lakini ni jamaa. Jina la kanga husomwa mgongoni mwa mtu anayetembea. Fumbo likichelewa kusomeka, mlengwa keshapita. Tena A kubwa haifanani na O hata kidogo, kwa hiyo hapo tango halina nafasi.

Je, wajua kuwa Futura iko mwezini? Kibao kilichoachwa na Apollo 11 mwaka 1969 kimeandikwa kwa fonti hiyo. Herufi kubwa tupu, kama kanga.

Karibu zaidi: jina la Google kwenye simu yako lina herufi za ukoo huohuo tangu 2015.

Poppins, fonti nyingine ya ukoo huo, ya kampuni ya India, ilitoka 2014 na hupakuliwa bure. Inapendeza kwenye kadi za harusi, ila I kubwa na l ndogo zote ni vijiti. Kama wageni wako watatoka Ilala, mwambie mchapaji akuandikie kwanza neno hilo moja, ulitazame ukiwa umesimama hatua tatu nyuma, ndipo umlipe.