Maskati hadi Unguja: Utayawahi Maziko?

Baina ya Maskati na Unguja pana kilomita 3,900 hivi. Wazee wetu walizikata kwa jahazi kwa wiki kadhaa, wakishuka na kaskazi na kurejea na kusi. Ndege isiyotua njiani huchukua kiasi cha saa tano na nusu. Hata hivyo msiba haungoji ratiba. Arukaye saa tatu asubuhi hutua saa saba na nusu mchana, kwa kuwa saa za Unguja ziko nyuma kwa saa moja. Na aliyefariki usiku mara nyingi huwa ameshasaliwa baada ya adhuhuri. Basi jamaa wakipiga simu kuuliza, “Tukungojee?”, itazame kwanza tiketi, ndipo ujibu. Ikiwa ni ya kesho, waambie wazike. Khitma utaiwahi.