Kompyuta Iliyozidishwa Kasi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa

Mlaji anayetafuta kompyuta ya mezani kwa ajili ya kuhariri video au kucheza michezo huweza kuonyeshwa dukani alama kubwa zilizotolewa na programu ya kupima uwezo, kama vile Cinebench au Geekbench, na kuelezwa kwamba mashine hiyo inazishinda nyingine za bei hiyohiyo. Alama hizo zinaweza kuwa za kweli. Hata hivyo, huenda zimepatikana baada ya prosesa na kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, kuzidishwa kasi kupita kiwango cha mtengenezaji. Mwenye kompyuta ana hiari ya kufanya hivyo kwa mali yake. Tunalosisitiza ni kwamba kipimo huchukua dakika chache tu, ilhali joto, hatari ya kupoteza data na uwezekano wa kukosa waranti hubaki na mnunuzi kwa muda wote atakaoitumia mashine hiyo.

Kasi huzidishwaje?

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Katika kompyuta nyingi za mezani za sasa, mpigo wa msingi ni megahezi 100, nao huzidishwa kwa namba maalumu. Namba hiyo ikiwa 45, prosesa hufikia gigahezi 4.5; ikipandishwa hadi 50, hufikia gigahezi 5. Badiliko hilo hufanywa katika mipangilio ya ubao mama, yaani bayosi.

Si kila prosesa hukubali badiliko hilo. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida hukubali zile zenye herufi K katika jina, tena zikiwa zimefungwa kwenye ubao mama wa daraja la Z. Prosesa nyingi za Ryzen za AMD hukubali, lakini mbao mama za daraja la A haziruhusu prosesa kuzidishwa kasi. Kwa hiyo, mlaji aliyeongeza fedha ili apate prosesa ya aina hiyo, kisha akafungiwa ubao mama usiofaa, amelipia uwezo ambao hataweza kuutumia.

Ni vyema pia kufahamu kwamba prosesa za sasa hujipandisha kasi zenyewe kazi inapokuwa nyingi, ndani ya mipaka iliyowekwa kiwandani. Nafasi inayobaki kwa fundi kuongeza zaidi ya hapo mara nyingi ni ndogo.

Gharama ya joto

Ili prosesa istahimili kasi kubwa zaidi, aghalabu hulazimu kuongezewa volti. Umeme inaotumia hupanda kulingana na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Kasi ikiongezwa kwa asilimia 10 na volti zikaongezwa kwa asilimia 10, umeme unaotumika katika kazi huongezeka kwa takriban asilimia 33, na umeme huo wote hugeuka kuwa joto. Mlaji hupata kasi ya asilimia 10, naye hulipia joto la asilimia 33.

Feni na vipoza vya maji vinavyotumika majumbani haviwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba ilimo. Alama iliyopatikana katika chumba chenye nyuzi 20 za Selsiasi haitarajiwi kudumu katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32. Prosesa ikikaribia kikomo chake cha joto, ambacho kwa nyingi za sasa kiko karibu na nyuzi 100, hujipunguza kasi yenyewe. Hivyo, kipimo cha dakika moja kinaweza kuonyesha alama ya juu, na kazi ya saa nzima ikafanyika kwa kasi ndogo zaidi.

Namba zilizoandikwa kwenye ramu

Walaji wengi hawafahamu kwamba namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti ya ramu inaweza yenyewe kuwa kasi iliyozidishwa. Kwa ramu za DDR4, viwango vya shirika la JEDEC hufikia 3200 kwa volti 1.2. Ramu iliyoandikwa 3600 hufikia kasi hiyo kwa mpangilio maalumu uitwao XMP, mara nyingi kwa volti 1.35. Kwa ramu za DDR5 zinazotumika na prosesa za AMD, upo mpangilio wa namna hiyo uitwao EXPO.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mpangilio huo usipowashwa, ramu hufanya kazi kwa kasi ya chini, kwa mfano 2133 au 2666, na mnunuzi hapati kile alicholipia. Pili, ukiwashwa, hakuna uhakika kwamba kila prosesa na kila ubao mama utaistahimili kasi hiyo.

Aidha, namba kubwa si lazima ilete ramu yenye kuitikia upesi. Ramu ya 3200 yenye ucheleweshaji wa CL16 na ramu ya 3600 yenye CL18 zote huanza kuitikia ombi baada ya nanosekunde 10. Ile ya pili husafirisha data nyingi zaidi kwa sekunde, lakini haianzi mapema zaidi.

Hatari iliyo kubwa kwa mtumiaji wa kawaida ni makosa yasiyoonekana. Kompyuta inayozimika ghafla humwonya mwenyewe. Ramu iliyopita uwezo wake inaweza kubadilisha tarakimu bila onyo lolote, na kosa hilo likahifadhiwa ndani ya hesabu za duka, tasnifu au picha za familia.

Waranti

AMD imeeleza kwamba waranti yake haihusu uharibifu unaotokana na kuzidisha kasi, hata pale kasi ilipozidishwa kwa kutumia programu yake yenyewe. Intel nayo imetahadharisha kwamba kubadili kasi au volti kupita viwango vyake kunaweza kubatilisha waranti.

Madhara ya volti kubwa hayaonekani siku hiyohiyo. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiyumba kwa sababu ya volti zilizozidi, ingawa wenye mashine hawakuwa wameamuru jambo hilo. Kampuni ilitoa marekebisho ya kuzuia tatizo na kuongeza waranti kwa miaka 2, lakini marekebisho hayo hayakuweza kuiponya prosesa iliyokwisha kuharibika.

Tunashauri nini?

1. Muulize muuzaji kama alama anazokuonyesha ni za kasi ya kiwandani au ya kuzidishwa, na uombe jibu hilo liandikwe kwenye risiti au hati ya mauzo.

2. Omba bayosi irudishwe katika mipangilio ya kiwandani, kisha kipimo kirudiwe kwa muda usiopungua dakika 10. Alama ya pili ndiyo ya kulinganishia bei.

3. Kwa kompyuta iliyotumika, omba ramu ipimwe kwa programu ya MemTest86 hadi mzunguko mzima ukamilike. Kosa hata moja ni sababu ya kutosha kutoilipia mashine hiyo ikiwa katika hali hiyo.

4. Fahamu waranti inatolewa na nani, mtengenezaji au duka, na inaishia lini. Hifadhi risiti ya kielektroniki pamoja na namba ya utambulisho ya kila kifaa.

5. Ukiamua kuzidisha kasi mwenyewe, hifadhi kwanza nakala ya data zako nje ya kompyuta hiyo. Badili jambo moja kwa wakati, kwa hatua ndogo, na uandike namba za awali ili uweze kurudi ulikotoka.

6. Kwa kazi za ofisi na masomo, pima kwanza kama fedha hizo hazitafaa zaidi kununulia diski ya SSD au kuongezea ukubwa wa ramu.

Haki yako

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa anayoiuza. Muuzaji anayeitangaza kasi ya kuzidishwa kana kwamba ni ya kiwandani hujiweka katika hatari ya kuikiuka sheria hiyo. Mlaji anayeamini kwamba amepotoshwa amweleze kwanza muuzaji kwa maandishi, na asiporidhika awasilishe malalamiko yake kwa Tume ya Ushindani, akiambatisha risiti na maelezo aliyopewa wakati wa kununua.